Seyyida Salme: Binti wa Sultani aliyeiacha Unguja kwa ajili ya mapenzi

Usiku wa Agosti 24, 1866, mji wa Unguja ulikuwa katika shamrashamra za Siku ya Mwaka. Kwa desturi ya miaka mingi, wanawake walishuka pwani makundi kwa makundi kuoga maji ya bahari, ili kuukaribisha mwaka mpya wa Waswahili. Hakuna aliyeshangaa kuwaona wanawake waliojifunika wakielekea ufukweni gizani.

Miongoni mwao alikuwamo mwanamke mmoja ambaye hakwenda kuoga. Mashua ilikuwa ikimsubiri, na mbali kidogo ilikuwa imetia nanga manowari ya Kiingereza, Highflyer, iliyoongozwa na Kapteni Pasley. Alipanda mashua, akapelekwa melini, na usiku huohuo meli ikang'oa nanga kuelekea Aden.

Mwanamke huyo alikuwa Seyyida Salme binti Said, dada wa Sultani aliyekuwa madarakani. Alikuwa hajatimiza miaka 22, hana mume, na alikuwa mjamzito. Baba wa mtoto aliyekuwa tumboni mwake alikuwa mfanyabiashara wa Kijerumani, Mkristo, na jirani yake wa Mji Mkongwe.

Safari hiyo ilimgharimu dini aliyozaliwa nayo, mali yake, ndugu zake na nchi yake. Miaka 19 baadaye ilimrudisha Unguja akiwa na manowari za Kijerumani, katika mwaka ambao dola ya baba yake ilianza kumegwa vipande vipande.

Mtoto wa Mtoni

Seyyida Salme alizaliwa Agosti 30, 1844, katika kasri la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, ambalo magofu yake yapo hadi leo kando ya bahari. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan wa ukoo wa Al Busaid, mtawala wa Oman na Zanzibar. Ndiye aliyehamishia makao yake Unguja na kuifanya kuwa kitovu cha biashara ya pembe za ndovu, karafuu na watumwa katika Bahari ya Hindi.

Mama yake aliitwa Jilfidan, suria wa Sultani, mwenye asili ya Wacherkesi wa milima ya Caucasus. Alitekwa akiwa mtoto mdogo baada ya vita kuisambaratisha familia yake, akauzwa na hatimaye akafikishwa katika nyumba ya Seyyid Said. Kwa desturi ya ukoo huo, mtoto wa suria alikuwa mtoto halali wa Sultani, mwenye heshima na haki ya urithi kama ndugu zake wengine.

Kasri la Mtoni lilikuwa kama mji mdogo. Lilikuwa na watu wapatao 1,000, wakiwamo masuria, watoto, watumishi na watumwa wa mataifa mbalimbali. Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki na lugha za Kihabeshi na Kinubi zilisikika katika ua mmoja. Aliyekuwa na sauti juu ya wote hao alikuwa Azze binti Sef, mke mkuu wa Sultani, mwanamke mfupi wa kimo ambaye hata watoto wa mumewe walimwogopa.

Katika mazingira hayo Salme alikua akijua kupanda farasi, kupiga bunduki na kushindana mieleka na kaka zake. Jambo moja, hata hivyo, lilimtofautisha na dada zake. Watoto wa kike wa kasri walifundishwa kusoma Kurani tu. Kuandika kulionekana kuwa si kazi ya mwanamke. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi wa enzi hizo.

Siri hiyo ilipogundulika alilaumiwa na wengi. Hakuna aliyejua kwamba kalamu hiyo ingemtumbukiza katika siasa za kasri, na baadaye ingewafanya watu wa Ulaya wazijue habari za ndani ya nyumba ya Sultani wa Unguja.

Kifo cha Seyyid Said

Oktoba 1856, Seyyid Said alifariki dunia baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa njiani kurejea Unguja kutoka Oman. Aliacha watoto 36 waliokuwa hai, wa kiume na wa kike kwa idadi sawa, wote wakiwa wamezaliwa na masuria. Aliacha pia dola yenye pande mbili zilizotenganishwa na bahari, bila utaratibu wa urithi wa kiti cha enzi uliokubaliwa na wote.

Mwanawe Thuwaini alishika Muscat, na Majid akashika Unguja. Mzozo wa ndugu hao wawili ulimalizwa mwaka 1861 kwa uamuzi wa Lord Canning, Gavana Mkuu wa Uingereza nchini India. Aliamua kwamba Oman na Zanzibar ziwe nchi mbili, na Unguja iilipe Muscat reale 40,000 kila mwaka. Tangu hapo ilidhihirika kwamba Waingereza walikuwa wamekwisha kuingia katika mambo ya ndani ya ukoo wa Al Busaid.

Salme alikuwa na umri wa miaka 12 alipofiwa na baba. Alitangazwa kuwa mtu mzima na kukabidhiwa fungu lake la urithi, yaani shamba lenye nyumba pamoja na fedha zenye thamani ya paundi 5,429 za Kiingereza. Alikuwa sasa mwanamke mwenye mali yake, jambo ambalo wanawake wengi wa Ulaya wa wakati huo hawakuwa nalo.

Mwaka 1859 alifiwa na mama yake kwa kipindupindu kilichoukumba mji. Alibaki bila wazazi wote wawili, akiwa na umri wa miaka 15, katika nyumba ambayo ndugu walikuwa wakinoleana visu.

Katibu wa waasi

Aliyekuwa akimnolea kisu Sultani Majid alikuwa mdogo wake, Barghash. Kijana huyo, mwenye akili na kiburi, aliamini kwamba yeye ndiye aliyestahili kutawala. Aliungwa mkono na watu wa kabila la Al Harthi, waliokuwa na nguvu na mali nyingi Unguja, na pia na dada yake Khole, aliyesifiwa kwa uzuri katika kasri lote.

Salme alikuwa amelelewa kwa muda katika nyumba moja na Majid na alimpenda. Hata hivyo mapenzi yake kwa Khole yalikuwa makubwa zaidi, na Khole ndiye aliyemvuta upande wa Barghash. Njama hizo zilihitaji mtu wa kuandika barua za siri ambaye asingeshukiwa na yeyote. Hivyo ndivyo msichana wa miaka 15 alivyofanywa kuwa katibu wa uasi.

Salme aliandika barua za kuwaita masheikh, kuagiza silaha na kupanga mikutano. Lakini habari zilimfikia Majid, na nyumba ya Barghash mjini ikazingirwa na askari.

Khole na Salme waliomba ruhusa ya kumwona kaka yao. Walipotoka, katikati ya kundi la wanawake waliojifunika alikuwamo Barghash mwenyewe, amevaa mavazi ya kike, huku askari wakiwapisha kwa heshima. Usiku huo alifika katika shamba lililoitwa Marseilles, ambako wafuasi wake walikuwa wakimngoja na silaha zao.

Uasi huo haukudumu. Majid aliomba msaada wa balozi mdogo wa Uingereza, Rigby, na wanamaji wa Kiingereza wakaungana na majeshi ya Sultani kulivunja shamba hilo. Barghash alirudi mjini kwa siri, akajisalimisha na kupelekwa uhamishoni Bombay, ambako alikaa takriban miaka miwili.

Salme hakuadhibiwa. Majid alimsamehe, lakini kasri halikumsamehe. Alijitenga mashambani, Kizimbani na baadaye Bububu, akiishi maisha ya upweke na majuto.

Hatimaye alipatana na Majid. Sultani alipomwomba nyumba ya Bububu kwa ajili ya balozi wa Uingereza, alimwachia. Tendo hilo lilimrudisha karibu na Majid, lakini Barghash, aliyekuwa amekwisha kurejea, pamoja na Khole, waliliona kuwa usaliti. Salme alikuwa sasa amewaudhi ndugu wa pande zote mbili, kwa nyakati mbalimbali.

Jirani wa darini

Alihamia mjini, katika nyumba iliyopakana na ile ya Rudolph Heinrich Ruete, kijana wa Hamburg aliyezaliwa mwaka 1839. Ruete alikuwa wakala wa kampuni ya biashara ya Hansing, mojawapo ya kampuni za Hamburg zilizokuwa zikinunua bidhaa za Afrika Mashariki.

Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa zikibanana, na madari yake yalikaribiana kiasi cha watu kuweza kuonana na kuzungumza. Kutoka darini kwake Salme aliziona karamu za Wazungu. Ruete naye alikuwa akizungumza Kiswahili. Mazungumzo ya madarini yakawa urafiki, na urafiki ukawa mapenzi.

Mwaka 1866 ikafahamika kwamba Salme alikuwa mjamzito. Kwa familia ya kifalme ya Kiislamu, hilo lilikuwa fedheha kubwa isiyo na kifani. Sheria ya dini haikumruhusu mwanamke wa Kiislamu kuolewa na Mkristo, na mimba ya nje ya ndoa ilikuwa kosa lenye adhabu kali. Wapo katika ukoo waliotaka heshima isafishwe kwa njia yoyote ile.

Jaribio la kwanza la kumtorosha kwa meli ya Hamburg lilishindikana. Ndipo mke wa kaimu balozi wa Uingereza, Bibi Emily Seward, alipojitokeza kumsaidia, na Highflyer ikawa njia ya kuokoka. Waingereza waliosaidia kumzima Barghash mwaka 1859 kwa bunduki sasa walimchukua dada yake kwa siri.

Cha kushangaza ni kwamba Ruete hakuguswa. Alibaki Unguja kwa miezi kadhaa akimalizia shughuli zake za biashara. Majid alikasirika, lakini biashara ya Hamburg ilikuwa na thamani kubwa kwa hazina yake, na mtu wa Hamburg alikuwa na serikali nyuma yake.

Emily wa Hamburg

Aden, Salme alipokewa na mume na mke Wahispania aliowafahamu tangu Unguja. Huko alijifungua mtoto wa kiume mwezi Desemba 1866, akasubiri kwa miezi mingine hadi Ruete alipowasili.

Mei 30, 1867 yalitokea mambo mawili katika siku moja. Salme alibatizwa katika kanisa la Kiingereza na kupewa jina la Emily, kisha akafunga ndoa na Ruete. Wakaanza safari ya Ulaya mara moja, na mtoto wao akafia njiani, nchini Ufaransa, kabla ya kuiona nchi ya baba yake.

Hamburg ilimpokea kama kioja. Watu walimtazama barabarani na kumwalika majumbani ili wamwone binti wa kifalme kutoka Afrika. Alipambana na baridi, chakula kigeni, lugha asiyoijua, na dini ambayo aliikubali kwa ubatizo bila ya kuipata moyoni. Barua zake zilizochapishwa baada ya kifo chake zinaonyesha mwanamke aliyeficha machozi yake hata mbele ya mumewe, asije akamtia huzuni.

Walijaliwa watoto watatu kwa mfululizo: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869 na Rosalie Aprili 1870. Mapenzi yaliyoanzia darini Unguja yalionekana kuota mizizi.

Agosti 1870, Ruete aliruka kutoka katika behewa lililokuwa likivutwa na farasi, akaanguka na kukanyagwa. Alifariki Agosti 6. Walikuwa wameishi pamoja katika ndoa kwa miaka mitatu na miezi miwili. Mtoto wao mkubwa alikuwa na miaka miwili. Mdogo hakuwa ametimiza miezi minne.

Miezi miwili baadaye, Oktoba 1870, Sultani Majid naye alifariki Unguja. Aliyekalia kiti cha enzi sasa alikuwa Barghash, yuleyule aliyevalishwa nguo za kike na kutolewa katika mdomo wa mauti na dada zake.

Mjane kati ya madola

Mjane huyo aligundua kwamba sheria za Hamburg hazikumwamini mwanamke kusimamia mali ya watoto wake peke yake. Wasimamizi wanaume waliwekwa juu yake. Binti wa Sultani aliyemiliki shamba lake akiwa na miaka 12 alilazimika kuomba ruhusa ya kutumia fedha za mumewe akiwa na miaka 26.

Fedha zilipopungua alihama mji hadi mji, kutoka Hamburg kwenda Dresden, Rudolstadt, Berlin na Cologne, akifundisha Kiarabu ili watoto wasome. Akilini mwake lilibaki tumaini moja: kwamba kaka yake angemsamehe na kumpa haki yake katika urithi wa ndugu waliokwisha kufariki.

Mwaka 1875 Barghash alifanya ziara ya kiserikali London. Emily alivuka bahari kwenda kumwona. Aliyemjia alikuwa Sir Bartle Frere, mwanadiplomasia ambaye miaka miwili nyuma alitumwa Unguja kumshinikiza Barghash kufunga soko la watumwa. Frere alimshawishi asimwendee kaka yake, kwa ahadi kwamba serikali ya Uingereza ingewaangalia watoto wake.

Emily alikubali. Barghash akaondoka London bila ya kuonana naye, na ahadi ile haikutimizwa. Uingereza haikutaka mgeni wake mheshimiwa abughudhiwe na kesi ya mjane.

Ilipofika mwaka 1884, taifa jingine liligundua faida ya kesi hiyo. Carl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akiwatilisha saini machifu mikataba wasiyoielewa, na Februari 27, 1885 Mfalme wa Ujerumani akatoa hati ya kuyalinda maeneo hayo. Barghash, aliyeamini kwamba bara lote hilo ni milki yake, alipinga vikali.

Kansela Otto von Bismarck alijibu kwa kutuma manowari. Alikumbuka pia kwamba Berlin kulikuwa na mjane, raia wa Ujerumani, mwenye madai dhidi ya Sultani huyo, na mwenye mtoto wa kiume ambaye damu ya Seyyid Said ilikuwa ikitembea mwilini mwake.

Kurudi na manowari

Agosti 1885 Emily aliiona tena Unguja, akiwa na watoto wake watatu, ndani ya meli iliyofuatana na kikosi cha wanamaji wa Kijerumani. Mizinga ilielekezwa kwenye kasri la kaka yake.

Kwa Bismarck hesabu ilikuwa rahisi. Iwapo Barghash angemdhuru dada yake, Ujerumani ingepata sababu ya vita. Iwapo angempa haki yake, angekuwa amekiri kwamba raia wa Ujerumani wanaweza kumdai. Kwa vyovyote Emily alikuwa silaha isiyohitaji baruti.

Barghash hakumdhuru wala hakumkubali. Alikataa kumwona. Kwake Salme alikwisha kufa siku alipobatizwa. Aliyefika alikuwa mwanamke wa Kizungu aliyeletwa na maadui. Na kwa sheria ya Kiislamu, aliyetoka katika dini hana haki ya kuwarithi Waislamu.

Watu wa kawaida walikuwa na mtazamo tofauti. Emily aliposhuka mjini, makundi ya watu yalimfuata mitaani na kumsalimia, baadhi wakimtambua kama binti wa Seyyid Said. Wakati Barghash akijifungia Forodhani, dada yake alipokewa kwa ukunjufu na raia wake.

Lakini mchezo ulikuwa umekwisha kabla ya yeye kupata chochote. Barghash alisalimu amri mbele ya mizinga na kuyatambua madai ya Wajerumani bara. Bismarck alipopata alichokitaka, madai ya Emily hayakuwa na umuhimu tena. Meli ziliondoka naye, mikono mitupu.

Mwaka 1886 Ujerumani na Uingereza zilikaa na kugawana. Sultani aliachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi tu. Barghash alifariki Machi 1888, akiwa ameishuhudia dola ya baba yake ikisinyaa mbele ya macho yake. Mwaka 1890 Zanzibar yenyewe ikawekwa chini ya ulinzi wa Uingereza.

Kalamu yasimulia

Mwaka 1886, Emily alichapisha mjini Berlin kumbukumbu za maisha yake, kitabu kilichotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1888. Kilisimulia malezi ya watoto, harusi, magonjwa, mavazi, vyakula, Ramadhani, Idi na njama za kasri. Ni miongoni mwa tawasifu za kwanza kuchapishwa na mwanamke wa Kiarabu, na wanahistoria wa Zanzibar hawawezi kukikwepa.

Aliandika kuwasahihisha Wazungu waliodhani kwamba mwanamke wa Mashariki ni kiumbe asiye na akili wala sauti. Alilinganisha desturi za kwao na za Ulaya, na mara nyingi Ulaya haikushinda.

Kitabu hicho kina upande mwingine pia. Kuhusu utumwa, Emily aliandika kama binti wa mwenye watumwa. Aliutetea, akadai kwamba hali ya watumwa wa Mashariki haikuwa mbaya kama Wazungu walivyosema, na akawaeleza Waafrika kwa maneno ya dharau. Aliyelilia uhuru wake mwenyewe hakuweza kuona kwamba karafuu zilizompa urithi zilichumwa na watu wasio huru, ingawa mama yake mzazi aliwahi kuuzwa.

Hilo limemfuata hadi karne hii. Mwaka 2019 uwanja mmoja mjini Hamburg ulipewa jina lake, lakini baada ya malalamiko kuhusu maandishi yake juu ya utumwa na Waafrika, uamuzi wa kuliondoa jina hilo ulipitishwa.

Miaka ya mwisho

Baada ya kifo cha Barghash, Emily alirudi tena Unguja mwaka 1888 akiwa na binti yake Rosalie, safari hii bila manowari. Sultani mpya, Khalifa, naye alikuwa kaka yake. Jibu halikubadilika. Ujerumani, iliyokuwa imekwisha kupata pwani, haikutaka kumsaidia.

Hakurejea Ujerumani. Kwa uchungu aliamua kuishi Jaffa na kisha Beirut, mahali ambapo adhana ilisikika na Kiarabu kilizungumzwa, lakini si kwao. Alikaa huko hadi mwaka 1914, vita kuu vilipomrudisha kwa watoto wake.

Alifariki Februari 29, 1924, mjini Jena, kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 79. Majivu yake yalizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na mumewe aliyemtangulia kwa zaidi ya nusu karne. Katika vitu alivyoviacha ulikutwa mfuko mdogo wenye mchanga wa pwani ya Unguja, na mchanga huo ukazikwa pamoja naye.

Historia ya ukoo wa Al Busaid imejaa ndugu waliogombea kiti, wakapelekwa uhamishoni na kisha wakasamehewa. Barghash alimwasi kaka yake kwa silaha, damu ikamwagika, na bado akarudi nyumbani, akamrithi kaka huyohuyo na kuzikwa kwa heshima za Sultani. Salme hakumwua mtu wala hakuchukua kiti cha mtu. Alipenda, akaondoka, na hakusamehewa hadi alipoingia kaburini.

Picha na vitu vinavyohusu maisha yake viliwekwa katika chumba maalumu cha Makumbusho ya Kasri, Forodhani, hatua chache kutoka mahali ambapo kaka yake alikataa kumfungulia mlango.